Shanga za Kufika Ujiji

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Unguja akiwa ametumwa na gazeti lake, ila hakujua anunue nini kwa ajili ya safari ya Ujiji. Huko bara chakula kilinunuliwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, basi ikambidi awaulize wafanyabiashara wa misafara.

Wao walianza na mtaji. Tippu Tip, kwa mfano, alikopeshwa na tajiri wa Kihindi, Taria Topan. Deni lililipwa kwa pembe za ndovu ambazo, siku ya kukopa, bado zilikuwa zikitembea porini!

Kisha rangi za shanga. Nyeusi zilipendwa Ugogo, kwingine zikakataliwa. Aliyekosea kuchagua rangi pwani aliwalaza wapagazi njaa, ilhali mizigo imejaa tele.