Tone la damu kwenye karatasi linaenda wapi?

Wasikilizaji wa Shituru, na ninyi jamaa mliohama makwenu: wengi wetu tumekwisha kutobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye karatasi. Kisha tukarudi nyumbani bila kuuliza kitu.

Njia hii ilienea tangu miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alipoanza kupima watoto wachanga kwa damu ya kisigino iliyokaushwa. Damu kavu haihitaji barafu njiani, tena inatunzwa miaka mingi. Kwetu Kongo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2007 na ule wa 2013-2014 ulikusanya matone ya namna hiyo nyumba kwa nyumba, katika mikoa yote. Ya watu wazima yalipimwa kwanza virusi vya ukimwi. Baadaye karatasi zilezile zikachunguzwa malaria, na karatasi za watoto za 2013-2014 zikapimwa kinga dhidi ya surua.

Damu iliyotunzwa inajibu hata maswali ambayo hayakuulizwa siku ya kuitoa. Mwaka 1959, mwanaume mmoja wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, alitolewa damu kwa ajili ya utafiti mwingine. Mwaka 1998 wataalamu walitangaza kwamba ilikuwa na virusi vya ukimwi. Siku alipoitoa, ugonjwa huo haukuwa hata na jina.

Sasa kuna swali jipya, linaitwa epijenetiki. Jeni tulizorithi zinabaki zilezile, lakini juu yake kuna alama ndogo za kemikali zinazoongeza ao kupunguza kazi yake. Njaa, moshi na hofu vinaweza kugusa alama hizo. Mwaka 2012, kundi la Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida lilichapisha utafiti uliofanywa Goma kwa wamama 25 na watoto wao wachanga. Mateso ya vita aliyopata mama akiwa na mimba yaliendana na alama kwenye jeni ya mtoto inayosaidia mwili kukabili mfadhaiko, na pia na uzito mdogo wa kuzaliwa. Wamama 25 ni wachache, na alama si laana: asiseme mtu kwamba mtoto wa vita ameharibika.

Leo maabara zinaweza kusoma alama za namna hii hata kwenye damu kavu. Jambo hili si la Goma peke yake. Mwaka 1992 na 1993 stesheni yetu ya Likasi ilijaa familia za Wakasai waliofukuzwa, wakingoja treni. Watoto waliozaliwa wakati ule wamepita miaka 30.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa kidole, uliza: damu hii ni ya kipimo gani? Itatunzwa wapi, muda gani? Ikitaka kutumika tena, nani ataniuliza? Majibu yatanifikia? Mtu anaweza kukubali kupimwa malaria bila kukubali damu yake isomwe juu ya vita aliyoikimbia.