Saba, Watu wa Bustani Mbili

Ndugu msomaji, kila usomapo Suratu Saba hupita kwenye habari ya watu waliokuwa na bustani mbili, kuliani na kushotoni, wakaambiwa wale riziki ya Mola wao na wamshukuru, wakapuuza, wakaletewa mafuriko ya Arim. Huenda umezisoma aya hizo tangu chuoni bila kujiuliza bustani hizo zilikuwa wapi. Zilikuwa Maarib, nchini Yemen, mashariki ya Sanaa, ukingoni mwa jangwa.

Mvua ya hapo haitoshi kulimia. Lakini mara mbili kwa mwaka maji ya milimani huteremka kwa nguvu katika bonde la Dhana, na yasipozuiwa hupotelea mchangani. Wasaba wakajenga ukuta wa udongo uliovikwa mawe, urefu wake mita 600 hivi, karne kadhaa kabla ya Nabii Isa. Usidhani lilikuwa bwawa la kuweka maji ya mwaka mzima. Kazi ya ukuta ilikuwa kuyainua maji yafikie malango mawili ya mawe, moja kila upande, ndipo yaingie mifereji na kugawanywa mashambani. Bustani ya kulia na ya kushoto ndizo hizo, hekta zipatazo 9,600 kwa jumla. Ubani waliousafirisha kwa ngamia, kama huu tunaofukiza majumbani mwetu, uliwapa mali. Lakini chakula walikipata kwa ukuta huu.

Sasa tazama shida yake. Maji yale huja na tope. Kila mwaka mashamba yaliinuka kidogo, na mashamba yakiinuka ukuta nao hauna budi kuinuliwa. Haikuwa kazi ya kujenga mara moja na kustarehe. Kila kizazi kilidaiwa jasho lake.

Wasimulizi wa zamani husema panya ndiye aliyeuguguna ukuta hata ukaanguka. Hadithi ni tamu, ila mawe yenyewe yanatoa habari nyingine. Yamechongwa maandishi, na neno lile la arim limo, maana yake ukuta wa kuzuia maji. Yanataja kuvunjika na kutengenezwa katika karne ya tano, kisha tena mwaka 548 kwa amri ya Abraha, ambaye wanahistoria wa Kiislamu humtaja kuwa ndiye mwenye jeshi la ndovu. Abraha aliyaita makabila, akawalisha watu unga, tende na nyama. Tauni ikaingia, ikabidi awaache warudi makwao kwanza. Wakati huo Saba ilikwisha kumezwa na Himyar tangu karne ya tatu, na biashara nyingi ya ubani ilikwisha hamia baharini. Ukuta ulipovunjika tena baadaye, hapakuwa na mwenye uwezo wa kuwakusanya watu waujenge.

Wajuzi wa nasaba husema Aus na Khazraji, waliokuja kuwa Ansari wa Madina, asili yao ni watu waliohama huko, na vivyo hivyo Azdi wa Oman. Sheikh Zayed wa Abu Dhabi naye aliihesabu Maarib kuwa kwao kwa asili, akagharamia ukuta mpya uliomalizika mwaka 1986, juu kidogo ya ule wa kale. Mwaka 2015, vitani, mabaki ya ule wa kale yalipigwa mabomu. Mwaka 2023 UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia, na papo hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini.