Tovuti za Maduka Madogo na Ule Ugomvi wa Mocality

Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure ambazo wenye biashara ndogo walijiundia kupitia ukurasa wa biashara yao kwenye ramani za kampuni hiyo. Saluni, gereji, maduka ya dawa na nyumba za wageni zilizokuwa na anwani inayoishia kwa business.site zikapoteza kurasa zao kwa mkupuo mmoja. Hadi Juni 10 mteja aliyebonyeza anwani hiyo alielekezwa kwenye ramani. Baada ya hapo hakukuta chochote. Huduma yenyewe ilikuwa imeanza 2017, kwa hiyo haikufikisha hata miaka 7.

Kwa Kenya hii ilikuwa mara ya pili mwenye duka kuahidiwa tovuti ya bure na kampuni hiyo. Ya kwanza ilikuwa 2011, nayo ilizaa ugomvi ulioanzia Nairobi ukaishia kwenye kurasa za magazeti ya London na Marekani. Ni historia ya juzi, lakini imeanza kusahaulika. Vijana wanaounda tovuti leo katika vyumba vya kupanga vya Roysambu na Rongai wanastahili kuijua, maana wateja wao ndio walewale waliogombaniwa wakati ule.

Hatua za mwanzo za intaneti nchini zinajulikana. Aprili 1993 kituo cha utafiti cha CERN, kule Uswisi, kilitangaza kwamba wavuti uliobuniwa na Tim Berners-Lee ni mali ya umma na hautalipiwa. Mwezi huohuo herufi .ke zikaandikishwa kuwa anwani ya Kenya kwenye intaneti, zikisimamiwa na Mmarekani Randy Bush kutoka ng'ambo pamoja na Dkt Shem Ochuodho hapa nyumbani. Wakenya watatu waliokuwa Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, wakaanzisha Africa Online. Telkom Kenya nayo ikaleta mtandao wake wa Jambonet na kung'ang'ania kuwa mlango pekee wa kutokea nje. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma wa Nairobi walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isizunguke kwanza ng'ambo kwa setilaiti. Telkom ikalalamika, mdhibiti akakifunga baada ya wiki chache tu, na hakikufunguliwa tena hadi 2002. Mwaka huo ndipo KENIC ilipoundwa na kukabidhiwa .ke.

Jambo lisilosimuliwa ni jinsi kazi yenyewe ya kuunda tovuti ilivyokuwa. Fundi wa tovuti wa miaka ile alitumia FrontPage ya Microsoft au, akijaliwa, Dreamweaver. Ukurasa ulipangwa kwa majedwali: menyu kushoto, maelezo katikati, picha kulia, na baina yao kipicha kisichoonekana cha pikseli moja, kilichovutwa kikawa kirefu ili kisukume maneno yakae mahali pake. CSS, lugha ya mitindo ambayo ingemwondolea taabu hiyo, ilikuwa imeidhinishwa tangu Desemba 1996, lakini Netscape na Internet Explorer hazikuisoma sawasawa, kwa hiyo mafundi wengi waliendelea na majedwali yao kwa miaka mingi. Mteja hayo hayakumhusu. Alitaka picha ya duka lake, neno "Karibu" linalotembea juu ya ukurasa, na kihesabu cha wageni pale chini. Picha hiyo ilipigwa kwa filamu, ikasafishwa studio, ikaskaniwa, na bado iliweza kumaliza dakika nzima kabla ya kufunguka kwenye modemu ya laini ya simu. Fundi aliipunguza, akaipunguza tena, hadi mwenye duka akalalamika kwamba bango lake halisomeki.

Kazi ngumu ilianza tovuti ikishakamilika. Bei za mabati hubadilika, duka huhamia ghorofa nyingine, namba ya mezani hukatwa na mwenye duka akabaki na simu ya mkononi. Kubadilisha namba hiyo moja kulimaanisha kufungua faili ya kila ukurasa, kurekebisha, kuhifadhi, kisha kupakia upya kwenye seva, mara nyingi kutoka saiba inayotoza kwa dakika. Tovuti ya kurasa 8 ilikuwa na namba hiyo mahali 8, na fundi akiruka pamoja, mteja wa Eldoret anapiga simu iliyokufa. Mwenye duka aliiona kazi ya dakika mbili na hakuelewa kwa nini alipe. Fundi aliiona nusu siku imekwenda. Kila upande ulikuwa na haki yake, na aliyeumia ni tovuti. Zipo nakala za tovuti za aina hiyo katika hifadhi ya Internet Archive ya San Francisco, ambayo imekuwa ikinakili wavuti tangu 1996. Unakuta ukurasa ulionakiliwa mwaka mmoja unatangaza ofa ya Krismasi ya miaka mitatu nyuma, na kiungo cha "Habari Mpya" kikifungua ukurasa mtupu.

Programu ya tovuti ya WordPress ilipotoka Mei 2003, tatizo hilo lilikuwa na dawa. Namba ya simu iliandikwa mahali pamoja ikaonekana kote, na aliyejua kuandika barua pepe aliweza kuhuisha tovuti yake mwenyewe. Lakini nywila ilibaki kwa fundi. Mara nyingi hata jina la tovuti, lile linaloishia kwa .co.ke, liliandikishwa kwa jina la fundi na barua pepe ya fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyejua fomu inavyojazwa na mwenye duka alitaka tu kuona tovuti iko hewani. Ni sawa na kujenga nyumba ya mawe huku hatimiliki ya ploti imeandikwa jina la mwashi. Fundi akihamia Kigali, akiajiriwa benki au akigombana na mteja, duka lilianza upya kwa jina jingine, na wateja waliokuwa wameizoea anwani ya zamani wakapotea.

Katikati ya 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, moja baada ya nyingine, na utegemezi wa setilaiti ukaanza kuisha. Hapo kampuni kubwa zikaiona Nairobi kwa jicho jipya.

Mocality ilikuja wakati huo, ikiwa na mtaji wa kundi la Naspers la Afrika Kusini. Ilitaka kuwa orodha ya biashara zote za Kenya, kuanzia kinyozi wa Kawangware hadi muuza vipuri wa Kirinyaga Road. Hakukuwa na orodha ya kununua, kwa hiyo iliamua kuijenga. Mkenya yeyote mwenye simu aliweza kuwa wakala wake: anatembea mtaani, anaandika jina la biashara, kazi yake, mahali ilipo na namba ya simu, anatuma, na taarifa ikithibitishwa analipwa kwa M-Pesa. Kwa maelezo ya mkurugenzi wake, Stefan Magdalinski, katika takriban miaka miwili kampuni ililipa watu hao shilingi milioni 11 na kukusanya biashara zaidi ya 100,000. Namba hizo hazikuwa kwenye kitabu chochote cha serikali wala cha kampuni ya simu. Zilipatikana kwa kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, na waliogonga ni vijana ambao majina yao hayajaandikwa popote. Nasema wazi kwamba hiyo ni moja ya kazi za kujivunia kuliko zote zilizofanywa katika historia ya intaneti nchini.

Septemba 2011 Google ilizindua mpango wa kuziingiza biashara za Kenya mtandaoni, ikishirikiana na KENIC, Safaricom na Equity. Mwenye biashara ndogo aliahidiwa tovuti ya bure na jina la .co.ke bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Magdalinski anasema Mocality iliukaribisha mpango huo, kwa kuwa soko lilikuwa bado na nafasi ya kila mtu.

Halafu simu za ajabu zikaanza kuingia ofisini kwake. Wenye maduka walipiga wakitaka wasaidiwe tovuti zao, na Mocality haikuwa ikitoa tovuti. Ilikuwa na orodha tu. Wahandisi wake wakaenda kwenye kumbukumbu za seva. Huko kila anayefungua ukurasa huacha mstari mmoja unaoonyesha saa, ukurasa aliousoma na anwani ya IP ya kompyuta yake. Wakaona anwani moja ya hapa Kenya ikifungua kurasa za biashara moja baada ya nyingine, siku nzima, saa za kazi.

Walichofanya baada ya hapo kinafaa kufundishwa vyuoni. Desemba 21 waliandika msimbo mfupi: mgeni yeyote atakayetoka kwenye anwani ile, kwa sehemu ya kumi ya biashara atakazofungua, aonyeshwe namba ya simu ya kituo cha Mocality badala ya namba ya mwenye duka. Wageni wengine wote waliendelea kuona namba za kweli. Haukupita muda simu zikaanza kulia. Wafanyakazi wa Mocality wakapokea wakijifanya wenye maduka, wakarekodi. Aliyekuwa upande wa pili alijitambulisha kuwa anapiga kwa niaba ya Google, akauza tovuti ya bure, na alipoulizwa namba ameipata wapi akadai kwamba Google na Mocality wanashirikiana. Katika simu nyingine mwenye duka aliambiwa kwamba Mocality ingekuja kumtoza shilingi 20,000 kwa kuorodheshwa. Ulikuwa uongo mara mbili. Ushirikiano haukuwapo, na kuorodheshwa Mocality kulikuwa bure tangu siku ya kwanza.

Siku mbili baadaye shughuli ya Nairobi ikakoma. Hata hivyo kumbukumbu za seva zikaonyesha kurasa zilezile zikifunguliwa kutoka anwani nyingine, na wanaopiga simu sasa walikuwa India. Mocality ikarudia mtego. Safari hii anwani ilikuwa imeandikishwa kwa Google yenyewe, Marekani. Kwa hesabu ya Magdalinski, kufikia Januari 11, 2012, karibu asilimia 30 ya orodha yake ilikuwa imeshapigiwa.

Januari 13 alichapisha kila kitu: tarehe, anwani, michoro ya kumbukumbu za seva na sauti zilizorekodiwa. Malalamiko yake hayakuwa juu ya ushindani. Kilichomuuma ni kwamba watu walitumia jasho la mawakala wake kumfikia mwenye duka, kisha wakalichafua jina lake mbele ya mwenye duka huyohuyo. Katika biashara ya Kenya, ambako mteja humpa fundi kazi kwa sababu jirani amemsifu, hilo ndilo jeraha la kweli. Google haikubisha. Nelson Mattos, aliyekuwa makamu wa rais wa kampuni hiyo, alikiri kwamba timu iliyofanya kazi katika mradi wao ilitumia data ya Mocality isivyofaa na kudanganya kuhusu uhusiano uliokuwapo. Aliomba radhi bila masharti, akasema wamefadhaishwa na kwamba hatua zitachukuliwa.

Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data wakati huo. Ilikuja Novemba 2019. Namba ya simu ya mama wa kibanda cha nguo ilikuwa mali ya yeyote atakayeiona kwanza, na yeye mwenyewe hakuulizwa.

Mocality ilishinda hoja lakini haikudumu. Naspers iliifunga 2013, na orodha ile iliyokusanywa kwa miguu ikazimwa pamoja nayo. Ningependa kuamini kwamba taasisi fulani ya umma iliomba nakala. Magazeti ya zamani unaweza kuyaomba katika jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, lakini ramani ya biashara za Wakenya ilivyokuwa mwaka 2012, mtaa kwa mtaa, huwezi kuiomba popote.

Miaka iliyofuata ina machache ya kusimulia. Simu za bei nafuu kama Huawei IDEOS, iliyouzwa kwa takriban Sh8,000 kuanzia 2011, ziliwaleta wateja mtandaoni kwa skrini ndogo, na tovuti za majedwali zikawa hazisomeki. Wenye maduka wakahamia Facebook, kisha Instagram, kisha WhatsApp. Google ikarudi na tovuti zake za ramani, ikazizima, na waliozitumia wakaanza tena kutafuta fundi.

Fundi huyo anapatikana, na siku hizi ni hodari kuliko wa zamani. Ninachomwomba ni kwamba kabla ya kuchagua rangi na picha amkalishe mteja, wajaze pamoja fomu ya .co.ke kwa jina la mteja, barua pepe ya mteja na simu ya mteja, kisha amwachie nywila imeandikwa kwenye karatasi. Kwa KENIC nina ombi la pili. Kila jina la .co.ke lina barua pepe ya mmiliki kwenye rejista, lakini mara nyingi ni ya fundi. Kabla ya jina lililokwisha muda kuachiliwa, duka lenyewe lipigiwe simu, kwa Kiswahili, na liulizwe kama linajua kwamba anwani yake inakaribia kuuzwa kwa mtu mwingine.