"Sisi" na "Wao": Saikolojia Jamii na Historia ya Makundi katika Nchi ya Chemba

Katika Wilaya ya Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na katika nchi inayoizunguka, hukutana lugha za nasaba nne: Kirangi cha Kibantu, Kiburunge cha Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, na Kisandawe chenye vidoko. Ni mahali pachache barani Afrika ambapo mkutano wa namna hiyo hutokea. Hivyo, swali la msingi la saikolojia jamii, yaani mtu hujuaje kwamba huyu ni "wetu" na yule ni "wao", lina historia ndefu katika nchi hii.

Dhana ya kwanza ni upangaji wa watu katika mafungu. Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyenusurika vita kuu ya pili akiwa mateka, huku jamaa zake wengi wakiangamia, aliichunguza dhana hiyo mjini Bristol, Uingereza. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1970 na 1971, wavulana waligawanywa kwa sababu hafifu kabisa, kama vile kupenda picha za mchoraji huyu au yule. Hawakuwajua wenzao wa kundi, wala hawakuwa na ugomvi na wengine; hata hivyo, walipogawa fedha, waliwapendelea wa kundi lao. Jina la kundi peke yake lilitosha.

Wasandawe wanaujua uzito wa jina. Mwaka 1916 Mjerumani Otto Dempwolff alichapisha kitabu juu yao. Mwaka 1963 Joseph Greenberg aliiweka lugha yao katika kundi la Khoisan, pamoja na lugha za kusini mwa Afrika. Leo wanaisimu wengi hawalikubali kundi hilo kuwa nasaba moja. Fungu limevunjika vitabuni, ilhali wasemaji wa Farkwa na Kwa Mtoro ni wale wale. Mipaka iliyodhaniwa kuwa ya maumbile ilikuwa kazi ya waainishaji.

Je, ubongo wenyewe haujafungwa na mipaka hiyo? Mwaka 2000 Elizabeth Phelps na wenzake waliwaonyesha Wamarekani weupe nyuso za watu weusi wasiowajua. Mwitiko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na tahadhari, uliendana na chuki fiche ya kila mmoja. Nyuso zilipokuwa za watu mashuhuri wanaopendwa, uhusiano huo haukuonekana. Basi ubongo huwa mwepesi wa kutenga. Ni nani wa kutengwa, hufundishwa na jamii.

Tanzania ilifundisha "sisi" pana zaidi. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mtoto wa Kirangi na wa Kisandawe wakakalia dawati moja. Faida yake ni kubwa. Hata hivyo, Kisandawe hakikupewa nafasi darasani, na mtoto aliweza kujifunza kwamba lugha ya mamaye ni ya kuacha mlangoni. Samuel Gaertner na John Dovidio wameonyesha kwamba utambulisho mpana hauhitaji kuufuta ule mdogo. Mtu aweza kuwa na vyote viwili. Hilo ndilo deni la taaluma za Kiswahili kwa Chemba: kuipanua "sisi" bila kumtaka yeyote ajikane ili aingie.