Nani Atasimama Mahali pa Ukoo? Ardhi ya Umma na Historia ya Makazi Nafuu

Katika milima ya Umatengo, Mkumbi ikiwemo, kijana aliyetaka kujenga hakuanza kwa kutafuta fedha za kiwanja. Alikuwa na ntambo, eneo la mlima ambalo kwa desturi lilikuwa chini ya ukoo wake. Kijana huyohuyo akihamia Mbinga mjini, Songea au Dar es Salaam, hana ukoo wa kumgawia ardhi. Swali la makazi nafuu mjini, basi, ni hili: nani atasimama mahali pa ukoo?

Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika ilijibu kwa kuunda Shirika la Nyumba la Taifa. Shirika likabomoa nyumba duni za Dar es Salaam na kujenga bora mahali palepale. Nia ilikuwa njema, lakini gharama ilikuwa kubwa, na kubomoa ili kujenga tena kuliongeza nyumba chache tu. Katika miaka ya 1970 sera ikageuka: viwanja vikapimwa na kuwekewa huduma, kama kule Sinza, ili mwananchi ajijengee mwenyewe, huku Benki ya Nyumba Tanzania ikitoa mikopo. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Kuanzia mwaka 2002, maelfu ya nyumba za Serikali ziliuzwa kwa watumishi, nyingine zikiwa katika maeneo ya thamani kubwa. Kilichoondoka mikononi mwa umma hakikuwa kuta tu, bali pia ardhi iliyobeba kuta hizo.

Magomeni Kota inatufundisha upande mwingine. Kaya 644 zilihamishwa, nyumba zao kuukuu zikabomolewa, na kusubiri kukawa kwa miaka mingi. Hatimaye Wakala wa Majengo Tanzania alijenga maghorofa papo hapo, nayo yakazinduliwa Machi 2022. Wakazi walirudi kwa sababu mbili: ardhi ilibaki ya umma, na wao hawakuacha kudai ahadi waliyopewa.

Leo halmashauri nyingi zina maeneo ya wazi katikati ya miji, yakiwemo maegesho ya magari na stendi zilizohamishwa. Kishawishi cha kumpa mwekezaji kinaeleweka, kwani halmashauri inahitaji mapato. Hata hivyo, eneo hilohilo laweza kubeba maduka chini na nyumba za kupanga juu: maduka yakalipa kodi ya soko, muuguzi, mwalimu na mama lishe wakalipa kodi wanayoimudu. Sharti ni kwamba ardhi isiuzwe, na vigezo vya wapangaji viandikwe na kubandikwa hadharani kabla ya msingi kuchimbwa.

Mzee wa ukoo aliyeuza ntambo yote angeulizwa wajukuu watajenga wapi. Diwani anayepitisha uuzaji wa kiwanja cha umma naye aulizwe swali hilohilo, na jibu lake liingie kwenye muhtasari wa kikao.