Kutoka Kokwet hadi Mahakamani

Chepseon ni mji mdogo wa Kenya kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, na kuzunguka kwake kumejaa chai. Zamani, mume na mke wa jamii ya Wakipsigis ya eneo hilo wakigombana, kesi iliamuliwa na kokwet, baraza la wazee wa kitongoji. Wazee walitafuta suluhu, lakini kinga ya mke ilitegemea mume kuliheshimu neno lao.

Hata uhuru ulipokuja, kinga ya kisheria ilichelewa. Mwaka 1967 serikali iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa. Mswada uliotokana na kazi hiyo ulipofika bungeni mwaka 1979, baadhi ya wabunge walisema waziwazi kwamba ungemnyima mume haki ya kumtia mkewe adabu kwa kumchapa. Ukaanguka.

Wanawake hawakunyamaza. FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, kilianzishwa mwaka 1985 na kikaendelea kudai mabadiliko. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ilikuwa hatua kubwa, ingawa haikumgusa mume anayembaka mkewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, ikampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili, hata na mtu wa nyumbani mwake. Hatimaye, Mei 2015, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani.

Sasa hakimu anaweza kutoa agizo la ulinzi la kumzuia mtesi asimguse wala kumfuata mwathiriwa. Anayelikaidi hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au hufungwa hadi miezi 12, au vyote viwili.

Sheria hiyo pia inaihesabu dhuluma ya kiuchumi kuwa ukatili. Katika nchi ya chai, hilo ni zito. Mara nyingi mke ndiye anayechuma, lakini aliyesajiliwa kiwandani ni mume, na bonasi ya chai huingia kwenye akaunti yake. Mke anayetaka kukimbia kipigo hana hata nauli ya kufika mahakamani.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafike umri wa miaka 15. Kwa hiyo maagizo ya ulinzi ya muda yatolewe haraka na karibu na wananchi, polisi wayasimamie, na kesi za kipigo zisimalizwe kwa kuombana radhi mbele ya wazee. Anayehitaji msaada leo apige 1195, bila malipo.