Uhai wa mshukiwa aliye seli ni dhamana ya serikali

Mara polisi wanapomtia mtu nguvuni, usalama wake huwa dhamana ya serikali hadi aachiliwe. Nchini Kenya, wajibu huo umewekwa katika Katiba ya mwaka 2010.

Kifungu cha 49 kinampa mshukiwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza na kuwasiliana na wakili. Ni lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha mahakama ikiwa imefungwa, hufikishwa siku ya kazi inayofuata.

Kuteswa hakuruhusiwi kwa hali yoyote ile. Naye mtoto huzuiliwa pale tu njia nyingine zinaposhindikana, tena mbali na watu wazima.

Jamaa wasioonyeshwa alikozuiliwa mtu wao wanaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Akifariki au kujeruhiwa vibaya mikononi mwa polisi, sheria ya mwaka 2011 inawataka maafisa hao kuhifadhi ushahidi na kuiarifu mara moja Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA), ili mtuhumiwa asiachiwe kujichunguza mwenyewe.